Jani Lililotoka Jeusi

Bibi yangu wa Kirua Vunjo alikuwa akipika mbege, pombe yetu ya ndizi, ambayo watu walitoka vijiji vitatu kuja kuinywa, na alikuwa na sharti moja. Pipa likishafunikwa kwa majani ya mgomba, hakuna wa kufunua mpaka aseme yeye. Si mume wake, si padri. Sasa baba yangu mdogo, mtu mzima mwenye ndevu zake, alikuwa anataka kuoa, na mbege ile ilikuwa ya wakwe. Siku ya pili akashindwa kuvumilia. Akanyanyua jani pembeni, akachovya kidole, akaonja, akalirudisha jani vizuri kama lilivyokuwa. Bibi akarudi kutoka kukata majani ya ng'ombe, akasimama mlangoni. Hata pipa hakulisogelea.

"Nani amefunua?"

"Mama, mimi sijaona kitu," baba mdogo akasema.

"Sijakuuliza umeona nini."

Wakwe walikuja wakanywa siki. Walikunywa kwa heshima, kata moja kila mtu, wakaaga mapema, na ndoa ikangoja mpaka msimu mwingine wa kahawa. Mpaka anakufa baba mdogo alikuwa akiapa kwamba kidole kimoja hakiwezi kuharibu pipa zima. Labda ni kweli. Mimi si mpishi.

Mwandishi pia si mimi. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililisoma nikiwa na funza kwenye vidole vyote viwili vikubwa, kwa hiyo lihesabuni nusu. Lakini ninyi vijana wa kamera wa hapa Moshi mjini mlinifuata nyumbani Shirimatunda mkaniambia, mzee Melkiori, tuandikie habari za kazi, andika kama unavyoongea. Haya. Nimepiga picha miaka thelathini na kitu. Msije mkalalamika.

Kazi nilifundishwa na Mzee Sefu, mtu wa mjini hapa, Mwislamu, kwao Rau, mwenye studio ya chumba kimoja na nusu karibu na soko. Kile chumba kimoja kilikuwa cha wateja, na ile nusu ndiyo chumba cha giza. Huko ndiko kazi ilikokuwa. Ninyi mnabonyeza na picha mnaiona hapo hapo, mnacheka, mnafuta. Sisi tulibonyeza halafu tukangoja na hofu. Maji ya bomba ya Moshi mnayajua, yanatoka mlimani, ni ya baridi mpaka mifupa inalia, na dawa ya kuoshea filamu haipendi baridi. Mzee Sefu alikuwa akiichemshia maji kidogo kwenye jiko la mkaa, anachanganya, anaipima kwa kiwiko kama mama anayetaka kuogesha mtoto. "Ikikuunguza, ameungua na yeye," alikuwa akisema. Yeye, maana yake mteja. Kwake filamu ilikuwa mtu.

Na sharti lake lilikuwa kama la bibi. Taa nyekundu ikiwaka, mlango haufunguliwi hata nyumba ikiungua. Filamu ikiona mwanga kabla haijakaa kwenye dawa ya mwisho, basi, umemuua bwana harusi na bibi harusi na wajomba wote.

Mimi niliwaua namna nyingine. Harusi yangu ya kwanza kupiga peke yangu ilikuwa kule kule Rau. Nikapiga kanisani, nikapiga keki, nikapiga mashangazi wakicheza. Nilihesabu picha thelathini na sita, nikapiga thelathini na nane, nikajisifu kwamba nina bahati. Kijana akipiga picha thelathini na nane kwenye filamu ya thelathini na sita si bahati. Filamu ilikuwa haijashika kwenye jino la kuivuta. Ilikuwa imekaa mahali pake imetulia siku nzima. Mzee Sefu aliishika ile filamu nyeupe, akaniangalia, akasema, "Nenda ukawaambie wavae tena." Nikaenda. Bwana harusi alikuwa ameshairudisha suti ya watu. Tukampiga kifuani tu, na koti la Mzee Sefu.

Basi kaza kile kiwiko cha kuzungushia filamu mpaka ukione kinarudi. Hilo ndilo fundisho. Ingawa kamera zenu hazina kiwiko.

Jambo jingine la kazi ile: mteja alichukua picha, negativu, yaani filamu yenyewe, ilibaki studio. Hakuna aliyeuliza. Tulikuwa na makopo ya maziwa ya unga yamejaa nyuso za Moshi nzima, marehemu kwa wazima, wote wamejikunja humo. Mzee Sefu aliniambia, "Haya makopo ni amana. Mtu hajakupa uso wake. Ameuacha." Nilimwitikia ndiyo, ndiyo. Kijana anaitikia ndiyo kwa masikio.

Halafu mambo yakafunguliwa. Mnaambiwa shuleni kwamba ni uchumi uliofunguliwa, sukari, mitumba, redio za watu binafsi. Mimi nawaambia yalifunguliwa na magazeti. Zamani gazeti lilikuwa na kiongozi anafungua kisima. Ghafla miaka ya tisini stendi ikajaa magazeti ya udaku yenye herufi nyekundu kubwa kama vyandarua: nani kalala wapi, nani kaachwa, nani tumbo limechomoza. Gazeti moja lilisomwa na vichwa kumi, wa nyuma wakimwambia mwenye nalo, "Usifunue kwanza, bado niko kwenye mguu." Mimi nilikuwa kichwa kimojawapo. Nisiwadanganye.

Na aliyeandikwa kuliko wote alikuwa Prisca. Mwimbaji wa bendi Dar es Salaam, sauti yake ilikuwa kila mahali, kwenye saluni, kwenye mabasi, mpaka kwenye mashine ya kukoboa mahindi. Watu wa Dar hawakujua, lakini sisi tulijua, kwamba Prisca ni mtoto wa Kirua, kihamba cha kwao, shamba la ukoo, kiko chini ya kile cha bibi yangu. Baba yake alikuwa Mzee Kalisti, mkulima wa kahawa, mzee wa kigango, yule anayesimama mbele Jumapili padri asipofika. Prisca alipoacha kwaya ya kanisa akaenda kuimba baa, Mzee Kalisti hakupiga kelele. Aliacha tu kulitaja jina lake. Miaka tisa.

Siku moja mama yake Prisca akaingia studio, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Wewe si mjukuu wa yule wa mbege?"

"Ndiye mimi."

"Basi ni wa nyumbani." Akakaa. "Mtoto anakuja Jumamosi. Anakuja na isale."

Kwa ninyi mliozaliwa kwenye lami: isale ni ile mimea yenye majani marefu mnayoiona kwenye mipaka ya vihamba. Mchaga aliyekosa akiukunja ule ukuti wa jani, akaufunga fundo, akaja nao kwa aliyemkosea, yule hana ujanja. Kulikataa isale ni jambo ambalo mtu haliwazi. Ukilipokea, limekwisha, na halisemwi tena.

"Nataka picha moja," mama akasema. "Tuko wote. Mimi nimezaa mmoja tu, na sina picha tuko wote. Lakini fundi, usipige mpaka mzee amelipokea jani. Kabla ya hapo hakuna kitu cha kupiga."

Nikamwambia nimesikia.

Jumamosi nikapanda na kamera ya nyeusi na nyeupe, maana filamu za rangi wakati ule tulikuwa tunazipeleka Arusha zikaoshwe na huko zilikuwa zinapotea. Uani palikuwa na mama na mzee, na mbuzi amefungwa kwenye mti wa kahawa. Mzee Kalisti amekaa kwenye kigoda, blanketi begani kwa ajili ya baridi, kata ya mbege miguuni. Prisca akatokea migombani, peku, na kanga mbili, bila rangi usoni. Nilikuwa nimezoea kumwona kwenye magazeti na nywele za bandia. Sikumjua mpaka alipopiga magoti na kulinyoosha jani kwa mikono miwili.

Na pale jua likapenya kwenye migomba. Vijana, mnaujua ule mwanga. Unaingia kwa mistari, moshi wa jikoni unapita ndani yake, kila kitu kinakaa mahali pake. Hauji mara mbili. Mzee alikuwa bado hajanyoosha mkono. Mkono wangu ukabonyeza. Ile kamera ilikuwa na mlio kama mtu anavunja kijiti. Mama akanigeukia.

Mzee Kalisti akaisogeza kata pembeni kwa mguu. Halafu akalichukua jani.

"Umekonda," akasema. "Huko Dar hawana ndizi?"

"Wanazo, baba. Hawajui kuzipika."

"Na wewe hukuwafundisha."

"Nilikuwa naimba."

"Nimesikia," mzee akasema. "Hata mashine ya mahindi imesikia." Na akacheka, yule mzee. Mama akapiga vigelegele peke yake. Nikawapiga wako wote, picha nzuri, wamejipanga, mbuzi pia ameangalia kamera. Wakakubaliana Krismasi Prisca aje na mwanawe mdogo, ambaye babu alikuwa hajawahi kumwona, abatizwe pale kigangoni, na babu amshike mwenyewe. Nilisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nakula nyama ya mbuzi.

Picha ya wote nikampelekea mama. Ile ya kwanza niliiosha, nikaitazama, nikaona ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Nikairudisha koponi. Kama ingebaki koponi nisingekuwa naandika haya.

Baada ya wiki chache akaja kijana kutoka Dar, mwandishi, mfuko kiunoni, anazunguka studio zote. Alikuwa amenusa kwamba Prisca amepanda kwao.

"Mzee, huna chochote cha Prisca? Hata cha utotoni?"

"Sina."

"Ukiwa nacho, tunaandika jina lako chini. Nchi nzima inasoma. Picha na nani?"

"Melkiori," nikasema. Yaani alikuwa ameuliza jina tu, na mimi nikalitaja, na nilipolitaja nikaliona limeandikwa. Miaka yote ile nimepiga vipaimara na pasipoti za watu, nani aliyewahi kujua ni mkono wa nani? Njaa sikuwa nayo. Naliweka wazi ili mtu asinihurumie. Nilitaka jina langu.

Nikatoa negativu. Nikamweleza kila kitu, huyu ni baba yake mzazi, hili ni isale, hapa anaomba radhi. Akaandika kwenye kidaftari, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Safi sana mzee, inagusa." Kwa hiyo msije mkaniambia hawakujua.

Sasa hapa kuna jambo la kazi, lishikeni. Kwenye nyeusi na nyeupe kijani hutoka cheusi. Jani lile lililofungwa fundo, lililokuwa kijani kama uhai, lilitoka jeusi mkononi mwa Prisca, limening'inia kama mkia wa ng'ombe anaoshika mganga. Na mzee na blanketi lake, na kata, na mbuzi. Gazeti likatoka na herufi nyekundu: PRISCA ANASWA KWA MGANGA. Chini yake kwamba amepanda mlimani usiku kwa babu mwenye mizimu kutafuta nyota isizimike. Usiku, na jua linaonekana pale pale kwenye picha. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: Picha na Mpigapicha Wetu.

Nitawaambia aibu yangu kubwa kuliko zote. Kitu cha kwanza kilichoniuma kilikuwa hicho cha jina.

Mzee Sefu, aliyekuwa ameshazeeka na kuniachia studio, alikuja na gazeti kwapani. Akaliweka juu ya meza.

"Hii umeiosha wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Ungeiacha majini," akasema, akaenda zake. Kusalimiana tuliendelea kusalimiana.

Lakini nataka niwaambie habari ya wasomaji, maana waandishi mtawalaumu wenyewe. Watu wa Dar, sawa, hawalijui isale. Watu wa Kirua je? Walizaliwa wakalikuta mpakani. Wameomba radhi nalo, wamesamehewa nalo, kuna waliooa kwa sababu yake. Walikuwa wanamjua Mzee Kalisti tangu akiwa kijana. Nao walilinunua lile gazeti, wakalishusha wakalipandisha, na gazeti lilipoandika mganga wakasoma mganga. Mama mmoja wa kule kule alikuja studio akaniomba nimsafishie ile picha kubwa ya kuweka ukutani. Nikamwambia, mama, hilo si isale? Akasema, "Ni isale, fundi. Lakini ni Prisca." Nimelifikiria hilo jibu mpaka leo na sijafika mwisho wake.

Kigangoni wakamwambia mzee apumzike kidogo maneno yapoe. Akapumzika. Na wagonjwa wakaanza kuja. Nacheka lakini sicheki. Mtu katoka Arusha na mgongo wake. Mwanamke anatafuta mume aliyekimbia. Timu moja ya mpira ya mjini ilituma wajumbe na jogoo mwekundu, wakakaa uani tangu asubuhi wakimbembeleza, "Mzee, sisi hatutaki makubwa, tunataka sare tu ya ugenini." Aliwafukuza kwa fimbo. Jogoo wakamwacha. Jirani wakasema, mnaona, kapokea jogoo.

Prisca alikuja studio kabla ya Krismasi, miwani myeusi, na nje watu wakaanza kujipanga dirishani wakiegemeza nyuso kwenye kioo. Nikavuta pazia.

"Shikamoo, kaka Melkiori."

Ilitosha kuniua, ile shikamoo. "Marahaba."

"Baba anasema nilikuja na wewe. Anasema mtu wa muziki hutafuta jina, hata goti alilopiga lilikuwa la gazeti. Mama anasema ni yeye aliyekuita, baba anasema mama ananifichia."

"Si wewe."

"Najua si mimi," akasema. "Nenda ukamwambie. Sitaki kitu kingine kwako. Nenda kabla ya Krismasi, nije na mtoto."

Nikamwambia Jumapili. Jumapili kukawa na harusi Shirimatunda. Jumapili ya pili mvua. Ya tatu nilivaa kabisa, nikafika njia panda, nikarudi. Niliogopa. Mtu anayeweza kulitazama jambo kupitia kitundu siku zote hajui kusimama mbele yake.

Krismasi Prisca akaja hajatanguliwa na mtu. Mama ndiye aliyenisimulia. Alisimama uani na mwanawe wa miaka minne, suti mpya, soksi nyeupe. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mama yuko ndani analia, baba yuko ndani kimya, na migombani watu wamejaa, Krismasi mnajua kila Mchaga yuko nyumbani, wameacha nyama zao wamekuja kuangalia. Mmoja akamsogelea na karatasi amwekee sahihi. Akamwekea. Halafu akamshika mtoto mkono wakashuka.

Nilipanda wiki iliyofuata. Nililikata jani mpakani kwa bibi, nikafunga fundo, nikafika uani saa nne asubuhi. Mama alikuwa jikoni na ndizi motoni. Mzee Kalisti yuko kwenye kigoda kile kile. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Hakuitika.

"Ni mimi niliyetoa picha. Prisca hakujua. Mama alinikataza nisipige kabla, nikapiga. Mwandishi alikuja nikampa, nilitaka jina langu liandikwe. Mtoto hana kosa."

Mzee akalitazama jani. "Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Si mtoto."

"Si mtoto, baba."

Midomo yake ikawa inacheza. Nyuma yangu nikasikia majani ya migomba yanasogea. Sikugeuka, lakini nilijua. Walikuwa wameniona njiani nimeshika isale. Wanawake wametua mizigo. Mtu akasema taratibu, "Ni yule fundi." Mwingine, "Mganga kapata mteja," na kicheko kidogo, kile cha mdomo uliofungwa.

Mzee Kalisti akanyoosha mkono. Naapa aliunyoosha. Vidole vilikuwa vimefika karibu na fundo, naona mpaka leo udongo wa kahawa kwenye kucha.

Kikamera kikalia. Si kama cha kwangu. Kilikuwa kile kidogo cha plastiki, vile vikamera vya dukani ambavyo wakati huo kila nyumba ilikuwa imeanza kuwa navyo.

Mkono ukarudi kwenye blanketi. Mzee akainuka, akaingia ndani, akatoka na koti na kofia yake ya kwenda misa. Akanipita. Watu wakampisha njia huku wakimwangalia, akaingia kwenye migomba, akashika njia ya kushuka.

"Baba Prisca," mama akaita kutoka jikoni, "chakula kimeiva."

Hakugeuka. Mama akasema amekwenda mferejini kutuliza kichwa, atarudi, niinuke nisiumize magoti. Nikamwambia nitangoja, mpaka alipokee. Watu walipoona hakuna kingine wakabeba mizigo yao. Ndizi zikaepuliwa, zikafunikwa kwa jani, zikapoa. Mama akazipasha tena jioni.

Hakurudi. Wala kesho yake, wala Pasaka, wala msimu wa kahawa.